Ripoti moja kwa fomu zote: safu zisizojulikana mapema ziamuliwe wapi?

#1 Kadutu_Data (Bukavu)

Ndugu zangu, salamu. Ninasimamia hifadhidata ya PostgreSQL inayopokea takwimu za kila mwezi kutoka vituo vya afya vya hapa Kivu Kusini. Jedwali letu kuu limejengwa kwa mtindo wa mistari mirefu, yaani kila mstari una kituo, mwezi, msimbo wa kiashiria na thamani. Mtindo huo umetufaa sana, kwa sababu kiashiria kipya kikiletwa hatugusi muundo wa jedwali, tunaongeza tu jina lake katika orodha ya viashiria.

Taabu inaanza wakati wa ripoti. Daktari mkuu wa zoni ya afya anataka vituo vishuke upande wa kushoto na viashiria vipangwe juu: CPN1 na CPN4 (kliniki ya wajawazito, hudhurio la kwanza na la nne), chanjo za BCG na Penta3, na vinginevyo. Mfadhili anataka miezi ndiyo ikae juu. Msimamizi wa lishe anataka viashiria vyake peke yake. Kila ombi limezaa ripoti yake, na orodha ikibadilika inabidi ripoti zote zifunguliwe na kuhaririwa moja moja.

Dai langu ni kwamba hizi zote ni ripoti moja, mradi tuiachie hifadhidata yenyewe itafute safu zake wakati ripoti inapoitwa. Wenzangu ofisini wanasema kazi hiyo ni ya programu, si ya hifadhidata. Ninyi mnaifanyia wapi, na kwa sababu gani?

#2 Kamalondo_Injini (Lubumbashi)

Ndugu Kadutu, kabla ya kuchagua mahali ni vizuri tuelewe kwa nini tatizo lipo. Mfumo wa majedwali ambao Edgar F. Codd aliueleza mwaka 1970 unataka kila jedwali liwe na sifa zinazojulikana, na SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, imerithi sharti hilo. Injini ya hifadhidata inapochambua ulizo (swali lililoandikwa kwa SQL), kabla haijasoma hata mstari mmoja wa data, lazima ijue matokeo yatakuwa na safu ngapi, zinaitwaje na ni za aina gani. Wewe unataka data ndiyo iamue safu, kwa maneno mengine unataka jibu liamue umbo la swali. Ndiyo maana njia yoyote utakayoishika itakuwa na hatua mbili: kwanza kusoma orodha ya safu, kisha kuandika ulizo lenyewe. Anayekwambia ana hatua moja, ile ya kwanza ameificha mahali.

#3 Birere_Net (Goma)

Kwa heshima, mkubwa wangu wa Kamalondo, jambo hili lilitatuliwa zamani. SQL Server ina amri ya PIVOT tangu toleo la 2005, na Oracle ikaifuata katika 11g. Unaiambia igeuze mistari kuwa safu, inageuza, hakuna haja ya kuunganisha maandishi.

#4 Mkaguzi_Himbi (Goma)

Birere, amri ipo, lakini isome hadi mwisho. PIVOT ya SQL Server inadai orodha ya thamani iandikwe moja moja ndani ya IN, wala haikubali ulizo dogo mahali hapo. Kiashiria kipya kikiingia kesho, PIVOT yako haitakiona, na mbaya zaidi haitalalamika. Ripoti itatoka safi ikiwa na pengo ambalo hakuna anayelijua. Oracle inakubali ulizo dogo pale tu unapotumia PIVOT XML, na hapo matokeo hayaji kama safu bali kama XML ndani ya safu moja ambayo bado utaifungua mwenyewe. DuckDB ina PIVOT inayojitafutia safu kwa kusoma data, ila hata yenyewe husoma kwanza ndipo ijenge. Maneno ya #2 bado yamesimama.

#5 Mama_Hesabu (Bukavu)

Habari za kazi. Ninyi vijana mmewasahau watumiaji wa Microsoft Access. Amri ya TRANSFORM pamoja na PIVOT yake hujitafutia safu kutoka kwenye data, nasi wahasibu tumeitumia miaka mingi bila kumwita fundi. Mpaka wake ni safu 255, na kwa matumizi ya mradi mmoja mpaka huo haujawahi kunibana.

Ila nina tahadhari kutoka upande wa hesabu. Si kila ripoti inastahili safu zinazojiamulia. Mizania ya SYSCOHADA, yaani kanuni za uhasibu tunazozifuata, upande wa mali ina safu zilizowekwa na kanuni: thamani ghafi, uchakavu na upungufu, thamani halisi, kisha thamani halisi ya mwaka uliotangulia. Ukiiachia data iamue, mwaka ambao hakuna uchakavu safu ile itatoweka, na mkaguzi atakurudishia karatasi zako. Mahali ambapo safu hai zinatusaidia ni katika matumizi kwa kila mfadhili, kwa sababu wafadhili huja na kuondoka.

#6 Kadutu_Data (Bukavu)

Asante, Mama Hesabu. Hilo la mizania ninaliandika. Ili tuzungumzie kitu kinachoonekana, huu ndio moyo wa kitendakazi changu, ile hatua ya kwanza anayoisema Kamalondo:

```
SELECT string_agg(
         format('SUM(thamani) FILTER (WHERE msimbo = %L) AS %I',
                msimbo, lebo),
         ', ' ORDER BY nafasi)
FROM   viashiria
WHERE  kundi = 'CPN';
```

Maandishi yanayotoka hapo ninayaweka kati ya SELECT na FROM ya ulizo la pili, kisha ninaliendesha kwa EXECUTE. FILTER, inayochagua mistari ya kujumlishwa, ipo tangu PostgreSQL 9.4, aliye na injini isiyo nayo anaweza kuandika CASE ndani ya SUM na kupata matokeo yale yale. Ripoti ya lishe ni kubadilisha neno moja la kundi. Ripoti ya miezi ni kusoma orodha ya miezi badala ya viashiria.

#7 Mwalimu_Ndosho (Goma)

Nimefurahi kuona hukutumia crosstab, kitendakazi cha kugeuza mistari kuwa safu kilichomo katika kiendelezi cha tablefunc, kwa sababu wengi wetu tuliianza hapo na ina mtego unaodhuru. Crosstab inayopewa ulizo moja tu hujaza safu kuanzia kushoto kwenda kulia kwa mpangilio wa mistari inavyofika, bila kutazama mstari ni wa kiashiria gani. Kituo ambacho hakikuripoti CPN1 lakini kikaripoti CPN4, ile namba ya CPN4 itaketi chini ya kichwa cha CPN1. Hakuna ujumbe wa kosa, na namba yenyewe inafanana na namba ya kweli. Dawa ni kuipa ulizo la pili linaloorodhesha viashiria vyote, hapo kila thamani hukaa mahali pake. Hata hivyo bado utalazimika kuandika majina na aina za safu mwishoni, kwa hiyo hatua mbili za #2 zinarudi pale pale.

#8 Ruashi_Maabara (Lubumbashi)

Nimesoma msimbo wa #6 na nina swali zito kuhusu ile SUM. Mimi niko katika maabara inayopima sampuli za madini, na kila mteja huomba vipimo vyake: huyu shaba na kobalti tu, yule anaongeza manganizi, chuma, kalsiamu na unyevu. Tatizo la safu ni lile lile lako, ila thamani zetu si za kujumlisha. Baadhi ni asilimia, baadhi ni gramu kwa tani, na baadhi si namba kabisa, kwa sababu kipimo kikiwa chini ya uwezo wa mashine tunaandika "<0,01". Ukiweka vyote katika safu moja ya thamani, utalazimika kuifanya iwe ya maandishi, na ukishaifanya maandishi, 9 inapangwa baada ya 10 na wastani hauhesabiki.

Sisi tulitenga safu tatu katika jedwali refu: thamani ya namba, thamani ya maandishi, na alama inayosema namba isomwe vipi. Kisha kila kipimo katika orodha kina kanuni yake ya ujumlishaji: jumla, wastani, ya mwisho, au kutojumlishwa kabisa. Ripoti ya jumla isiyojua kanuni hiyo itatoa namba, na namba hiyo haitakuwa na maana yoyote.

#9 Mkaguzi_Himbi (Goma)

Ruashi amegusa jambo ambalo ndilo ninalolikagua kila mwezi, naomba nilisogeze mbele. Katika ripoti iliyogeuzwa, kisanduku kitupu kina maana nyingi kupita kiasi. Kituo hakikuleta ripoti. Kituo kilileta ripoti lakini hakijajaza kiashiria hicho. Kituo hakitoi huduma hiyo, kwa hiyo hakikutakiwa kujaza. Nazo sifuri halisi, pale ambapo huduma ipo na hakuna aliyekuja, ni jambo la nne. Mtu akifunika yote kwa COALESCE, inayojaza mahali patupu, na kuandika 0 ili karatasi ipendeze, kituo kilichonyamaza kitaonekana kama kituo kisicho na wagonjwa, na daktari wa zoni atapeleka chanjo kwingine.

Ndiyo maana ninasema kugeuza safu ni nusu ndogo ya kazi. Nusu kubwa ni kujenga kwanza mraba kamili: vituo vyote vinavyotakiwa kuripoti, mara viashiria vyote vinavyowahusu, kisha kuunganisha data kwa LEFT JOIN, ambayo huacha kila mstari wa mraba ubaki hata usipopata data. Hapo tu ndipo utaweza kuandika alama moja kwa asiyeripoti na alama nyingine kwa asiyehusika.

#10 Birere_Net (Goma)

Nakubaliana na Mkaguzi juu ya visanduku vitupu. Ninarudi kwenye msimbo, kwa ajili ya sisi tulio na MySQL. Hatuna PIVOT wala FILTER, tunaunganisha maandishi kwa GROUP_CONCAT, kisha PREPARE na EXECUTE. Aangalie sana atakayeiga: GROUP_CONCAT hukata maandishi yakifika herufi 1024 na kutoa onyo tu. Orodha ya viashiria vichache itapita, orodha ndefu itakatika katikati ya neno na ulizo litakataliwa, au likatike mahali pabaya zaidi na likubaliwe.

#11 Katindo_Seva (Goma)

Ni baiti 1024, si herufi, na kwa lebo za Kifaransa zenye herufi kama é tofauti hiyo inaonekana upesi. Kigezo chenyewe ni group_concat_max_len, kipandishwe mwanzoni mwa kila kikao. Kwenye MariaDB chaguo-msingi limepandishwa hadi 1,048,576 tangu toleo la 10.2.4, kwa hiyo msimbo uliojaribiwa huko unaweza kuvunjika ukihamishiwa MySQL.

#12 Mkaguzi_Himbi (Goma)

Tukiwa kwenye majina, Ndugu Kadutu, itazame tena ile %I uliyompa lebo. Ulifanya vyema kutenganisha %L kwa thamani na %I kwa jina, kwani lebo zetu za Kifaransa zimejaa ritifaa: "Nombre d'accouchements assistés" inatosha kulivunja ulizo lililounganishwa kwa mkono, na mwenye nia mbaya anaweza kuandika ndani ya lebo kitu kibaya kuliko ritifaa. Lakini PostgreSQL hukata jina la safu likizidi baiti 63. Chukua lebo mbili ndefu za wajawazito waliopimwa, zinazotofautiana mwishoni tu, moja ikiishia "moins de 20 ans" na nyingine "20 ans et plus". Zote mbili zitakatwa zifanane. Ulizo la nje litakubali safu mbili zenye jina moja, kisha programu inayosoma kila mstari kwa jina la safu itabaki na moja na kuipoteza nyingine.

Tumia msimbo mfupi kama jina la safu. Lebo ije pembeni, katika orodha ya maelezo, na iwekwe wakati wa kuchora ripoti.

#13 Kamalondo_Injini (Lubumbashi)

Tazameni tulipofika: majina yaje pembeni, aina zije pembeni, kanuni za ujumlishaji zije pembeni, na alama za visanduku vitupu zije pembeni. Kilichobaki ndani ya hifadhidata ni kule kugeuza tu, na kugeuza ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Kwa nini basi tunaiacha mahali inapotulazimisha kuandika ulizo linaloandika ulizo?

Msimamo wangu ni kwamba hifadhidata ijumlishe na kutoa mistari mirefu iliyopangwa, na chombo cha ripoti kigeuze. JasperReports ina kijenzi cha crosstab kinachojipatia safu kutoka kwenye data na kujua kuvunja ukurasa safu zikizidi upana wa karatasi. Lahajedwali yoyote hufanya hivyo. Anayetaka mstari mmoja kwa kila kituo atumie jsonb_object_agg, inayofunga majina na thamani katika kifurushi kimoja cha JSON na iliyopo tangu PostgreSQL 9.5: umbo la matokeo linakuwa safu mbili siku zote, kituo na kifurushi cha viashiria vyake, na injini haisumbuliwi na idadi yake.

#14 Ibanda_Mtandao (Bukavu)

Mkubwa Kamalondo, hoja yako ni safi kwa mtu aliye karibu na seva. Tuchukue vituo 500 na viashiria 200: ulizo lililogeuzwa linarudisha mistari 500, ulizo refu linarudisha mistari 100,000, na kila mstari unarudia jina la kituo na msimbo. Ofisi ya zoni inayopokea hayo kwa simu iliyogeuzwa modemu, umeme ukiwa umekatika na betri inaisha, haitaipata ripoti. Kugeuza ndani ya seva ni heshima kwa aliye mbali.

#15 Katindo_Seva (Goma)

Ibanda, kile kifurushi cha jsonb kinarudisha mistari 500 pia, na ukikibana kabla ya kutuma, misimbo inayojirudia hupungua sana. Tena chombo cha ripoti si lazima kikae kwa mtumiaji. Kikikaa kwenye seva ile ile, kinachosafiri ni faili iliyokwisha kuchorwa. Ukubwa peke yake haumwangushi Kamalondo.

#16 Kampemba_Jedwali (Lubumbashi)

Mbona hatujataja DHIS2, ambayo ndiyo inayobeba takwimu za afya za taifa letu, na ndani yake zoni za afya ni 519? Wao wanahifadhi data kwa mistari mirefu kama Kadutu, kisha wanajenga majedwali ya uchambuzi ambamo kila kiashiria ni safu. Kwa hiyo jibu ni la tatu: usigeuze wakati wa kuuliza, geuza mapema, orodha inapobadilika.

#17 Mwalimu_Ndosho (Goma)

Kampemba, umesema nusu ya jambo. Katika majedwali ya uchambuzi ya takwimu za jumla, viashiria havigeuzwi kuwa safu. Vinabaki vikishuka kama mistari, na safu zinazozalishwa ni ngazi za maeneo, vipindi na makundi. Kugeuza kunafanyika baadaye, mtumiaji anapopanga jedwali lake. Lakini kwa programu za matukio, kila programu ina jedwali lake la uchambuzi na kila kipengele cha data ni safu kweli, yenye jina la kitambulisho cha herufi 11, jambo linalomuunga mkono Mkaguzi wa #12. Mfumo mmoja, njia mbili, kwa kuwa data za jumla na data za mgonjwa mmoja mmoja haziulizwi kwa namna moja.

Hapo hapo nichukue nafasi ya upande ambao haujapata msemaji. Shuleni tuna matokeo ya sekondari: kipindi cha kwanza, cha pili, mtihani, jumla ya muhula, kisha muhula wa pili vivyo hivyo. Masomo hutofautiana kwa kila opsheni, lakini safu za vipindi hazibadiliki. Nilishauriwa kujenga ripoti ya jumla, na jedwali la maelezo likaanza kukua: upana, rangi, masharti, kanuni ya duru, nani aone nini. Jedwali lenye masharti mengi hivyo limekwisha kuwa lugha ya programu, isiyo na zana za kutafutia kosa. Ripoti chache zilizoandikwa waziwazi, kila moja ikisomeka na mtu yeyote atakayerithi kazi yako, zina thamani yake.

#18 Mama_Hesabu (Bukavu)

Mwalimu anatetea uwazi, nami ninamuunga mkono kwa sehemu. Wafadhili wangu hata hivyo hawasubiri niandike ripoti mpya.

Mambo mawili bado hayajatajwa, nayo ndiyo watu wa kawaida huyaona kwanza. La kwanza ni mpangilio. Safu zinazojitafutia hupangwa kwa alfabeti, na Aprili inatangulia Januari. Kwa miezi ya Kifaransa, "août" inakuwa ya kwanza, ikifuatwa na "avril", kabla ya "janvier". Ile nafasi iliyomo katika msimbo wa #6 iwe lazima, isiwe hiari. La pili ni sarafu. Hapa kwetu daftari moja lina faranga na dola, na ripoti iliyogeuza miezi kuwa safu bila kuitazama sarafu hujumlisha vyote pamoja. Safu iamuliwe na mwezi pamoja na sarafu, au sarafu ishuke upande wa mistari. Na Access yangu, Birere, inaijua TRANSFORM vizuri, lakini sarafu haiijui mpaka uiambie.

#19 Birere_Net (Goma)

Nimekusikia, Mama. Access hiyo itawazika washindani wake wengi.

Upana nao una ukomo. PostgreSQL inaruhusu safu 1,600 katika jedwali, lakini faili ya zamani ya .xls ina safu 256 na ile ya .xlsx ina 16,384. Bado ofisi nyingi zetu zinafungua .xls. Ripoti hai isiyopima upana wake kabla ya kutoka itakatwa na lahajedwali, si na hifadhidata.

#20 Kadutu_Data (Bukavu)

Ninashukuru. Kitendakazi kitabaki, ila majina ya safu yatakuwa misimbo, SUM itapisha kanuni ya kila kiashiria, na mraba kamili wa Mkaguzi utajengwa kwanza. Hoja ya Kamalondo ninaijaribu kwa ripoti za kuchapishwa, sijaikubali kwa zile zinazokwenda zoni za mbali.

Limebaki moja linalonisumbua. Mfadhili ameomba nimchapishie upya ripoti ya mwaka uliopita. Orodha ya viashiria imebadilika tangu hapo, kwa hiyo ripoti inayojitafutia safu inatoa karatasi isiyolingana na ile aliyoiweka kwenye faili lake, ingawa data ni ile ile.

#21 Ruashi_Maabara (Lubumbashi)

Hilo kwetu ni suala la cheti, kwa sababu mteja anaweza kurudi na cheti cha zamani mkononi. Kila mstari wa orodha ya vipimo una tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na ulizo la safu huchuja kwa tarehe ya ripoti, si kwa tarehe ya leo. Kipimo hakifutwi kamwe. Lebo ikibadilika, mstari wa zamani unafungwa na mpya unafunguliwa.

#22 Mkaguzi_Himbi (Goma)

Tarehe zitakurudishia safu, Ruashi, lakini hazitakurudishia thamani zilizosahihishwa baada ya kuchapishwa. Mimi ninadai faili iliyotoka ihifadhiwe kama ilivyo, pamoja na maandishi ya ulizo lililoizaa. Kadutu, kabla ya kuchapisha upya, mwombe mfadhili nakala yake na ulinganishe kisanduku kwa kisanduku, maana huenda tofauti haiko kwenye safu peke yake.